Majeneza ya Meja Brandt

Land Cruiser iliingia mtoni bila kupunguza mwendo.

Maji yaliruka pande zote, yakafunika vioo, kisha gari likaibuka ng'ambo likichuruzika kama nguruwe aliyetoka topeni. Nyuma yake, chini ya turubai la kijani, majeneza manne meupe yaligongana.

Agatha Siroi aliipeleka Yamaha yake majini, akalifuata.

Hakufika katikati. Mtu mmoja alichomoza kichwa chini ya turubai, miwani ya Ray-Ban usoni, mkononi bastola yenye kiwambo cha kumeza sauti. Hakutisha, hakufoka. Alilenga tu, kwa utulivu wa mtu anayetungua nazi.

Pu.

Jiwe kando ya gurudumu la mbele likapasuka. Agatha aliilaza pikipiki ubavu, akajibanza nyuma yake, maji yakimwingia puani. Pu. Pu. Halafu mngurumo wa dizeli ukapanda kilima na kupotea.

Alisimama, akatema maji yenye mchanga.

Watu wa ibada hao. Wanaosindikiza mashujaa.

Alitoa redio ya Motorola iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Ngome, hapa Kakao."

"Sema, Kakao."

"Wamenipiga risasi. Nilizuie gari?"

Ngome alikohoa kwanza. Alikuwa Alois Kamuai, mkuu wake, mtu ambaye hukohoa kila anapotaka kusema jambo lisilopendeza.

"Walinzi wa mzungu wana vibali vya bastola. Watasema walidhani ni jambazi. Usizuie."

"Mzee, hao si—"

"Nisikilize, binti. Nikifungua jeneza la shujaa mbele ya mabalozi, nikakuta ndani mna shujaa tu, ofisi itafungwa kesho na wewe utarudi kuuza magimbi. Niletee kitu cha kushikika. Kabla ya saa tisa."

"Na nisipopata?"

"Basi njoo usikilize hotuba kama sisi wengine."

Redio ikanyamaza.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bati mjini Arawa. Mlangoni kibao kiliandikwa Ukaguzi wa Kakao, na hapajapata kukaguliwa hata punje. Kazi ya waliomo ilikuwa kunusa vita kabla havijafika. Bougainville, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, ilishavijua vita vya kila namna. Zamani Wajapani, Wamarekani na Waaustralia walikuja kuuana humu msituni, wakaondoka na kuacha maiti. Baadaye wenyeji wenyewe waliasi kwa ajili ya mlima wa shaba, wakapigana na jeshi, kisha wakageukiana wao kwa wao, miaka kumi mizima. Kwenye kisiwa hiki, ukichimba choo unaweza kukutana na mtu.

Sasa palikuwa na amani ya miaka ishirini na kitu, na kura ya kuamua mustakabali wa kisiwa ilikuwa imekaribia.

Ndipo alipotokea Meja Brandt. Mwanajeshi mstaafu, hakuna aliyejua vizuri wa jeshi gani. Alikuja na shirika aliloliita Mfuko wa Mashujaa Waliosahauliwa, akasema atakusanya mifupa ya askari wa Kijapani na kuirudisha kwa jamaa zao. Majeneza aliyaleta kwa meli, matupu, yamefungwa lakiri na kubarikiwa huko huko yalikotoka. Nani afungue jeneza lililobarikiwa? Forodha walivua kofia, wakayapisha. Dereva wa winchi pekee ndiye aliyenung'unika kwamba majeneza matupu yalikuwa mazito kama yana wenyewe. Nung'uniko hilo lilifika Ukaguzi wa Kakao.

Leo saa tisa mifupa ilikuwa ikabidhiwe, uwanjani Arawa, mbele ya machifu wa pande zote mbili za vita.

Agatha aliinua pikipiki, akamwaga maji kwenye bomba la moshi, akaipiga teke hadi ikakohoa na kuwaka. Gari lilikuwa linaelekea Arawa. Kulifuata ilikuwa kupoteza petroli.

Akageuza alikotoka.

Nyayo za matairi zilimrudisha hadi shamba la minazi lililotelekezwa tangu enzi za vita, kwenye banda la zamani la kukaushia nazi. Aliificha Yamaha kwenye mifenesi ya mwituni, akasikiliza. Inzi tu.

Alichomoa bastola yake ya Glock, akaingia.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Rangi mpya, manukato ya bei rahisi, na chini yake kitu kingine ambacho pua yake ilikikataa mara moja: majani ya chai. Kando ya ukuta zilipangwa ndoo za plastiki zimejaa chai nyeusi iliyolala. Akachungulia ndoo ya kwanza.

Mlikuwa na mifupa. Imelowekwa kama nguo.

Wameipika rangi, alitambua. Wameipika ili ionekane ya kale.

Kwenye kona palikuwa na jeneza la tano, bawaba yake imevunjika, ndiyo maana liliachwa. Ndani yake mifupa ilitandazwa juu ya hariri, imenyunyiziwa manukato, kila fuvu limegeuzwa upande mmoja kama watoto waliolazwa. Kwenye vidole vya mkono mmoja mdogo palizungushwa uzi wenye shanga za buluu.

Rozari. Ya plastiki.

Akapekua zaidi. Zipu ya suruali ya jinzi. Ukanda wa ndala ya mpira. Aliyekufa mwaka arobaini na nne hakuvaa ndala za mpira.

"Dada Agatha," sauti ilisema mlangoni. "Umekuja kukagua kakao?"

"Nimekuja kukagua chai, Linus."

Linus Pokara aliegemea mwimo wa mlango, panga refu likining'inia mkononi, shavu limejaa tambuu. Agatha alimjua tangu vitani. Wakati ule Agatha alikuwa msichana wa miaka kumi na sita anayepenya vizuizi vya jeshi na barua zimesukwa ndani ya nywele, na Linus alikuwa kamanda mwenye sauti ya kuimba. Sasa alikuwa na kitambi, na fulana yenye nembo ya Mfuko wa Mashujaa.

"Hawa ni wa wapi?"

"Wajapani hao."

"Mjapani gani alisali rozari ya plastiki?"

Linus alitema. Mate mekundu yakatua kando ya ndoo.

"Wajapani tulipata wachache. Mzungu alikuwa na haraka. Akasema mfupa ni mfupa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikamwonyesha lile shimo la kule juu ya kambi."

Kila mtu wa rika la Agatha alilisikia shimo hilo, na hakuna aliyejua lilipo. Mwishoni mwa vita vijana walitolewa kwenye kambi ya wakimbizi, wakapelekwa juu mlimani, hawakurudi. Hadi leo mama zao walizunguka na picha, kijiji kwa kijiji, wakiuliza kwa adabu.

"Miaka yote hii ulijua?"

"Wengine niliwafukia kwa mkono wangu, dada. Ndivyo vita. Kila mtu alifanya la kwake."

Alilisema kama mtu anayezungumzia mvua ya juzi.

Agatha aliinua hariri. Chini yake palikuwa na ubao, na chini ya ubao sponji nene iliyochongwa maumbo. Maumbo ya bunduki. M16 fupi, sita kwa hesabu ya mashimo, na harufu ya mafuta ya silaha ingali mbichi. Pembeni palisalia fulana nyeusi, mpya kutoka cherehani, yenye nembo ya waasi wa zamani.

Bunduki kweli. Na watoto wa watu wamefanywa matandiko.

"Bunduki ziko wapi?"

Linus alihama mlangoni haraka kuliko kitambi chake kilivyoahidi. Panga lilikata hewa, likakata kona ya jeneza. Agatha hakutaka mlio wa risasi. Alikamata ndoo iliyokuwa karibu, akamwaga chai yote usoni mwa Linus. Alipokuwa anapangusa macho, teke lilimpata gotini, kitako cha Glock kikamalizia nyuma ya sikio. Linus aliamka amefungwa pingu kwenye mpini wa jeneza, uso sawa na fuvu.

"Nitoe hapa," alisema. "Niite polisi. Nitasema kwa polisi."

"Sikupeleki polisi. Nakwenda kuwaita akina mama. Nitawaambia ulilijua shimo."

Linus alisahau kutafuna.

"Usifanye hivyo, Agatha. Wewe ni mtu wangu."

"Bunduki."

Akatema yote. Zilikuwa kwenye jeneza la mbele. Wabebaji wake walikuwa vijana wa Brandt, na chini ya mashati meupe walivaa fulana nyeusi. Ikitangazwa dakika ya ukimya na watu wakiinamisha vichwa, wangefungua mfuniko. Machifu wa upande uliopigana na waasi ndio wangeanguka kwanza.

"Halafu kila mtu atasema waasi wamerudi," Linus alimalizia. "Kabla ya jua kuzama watu watakuwa wanachinjana. Kura haitapigwa. Walio nyuma ya mzungu wanautaka mlima wa shaba, na mlima hauuzwi kwa watu wenye amani."

"Na wewe ulikubali?"

"Mimi niliambiwa nichimbe tu."

Agatha aliiweka rozari mfukoni na fulana nyeusi kifuani ndani ya shati. Alipotoka nje alitapika kwenye mizizi ya mnazi, akajifuta mdomo kwa kiganja, akapanda pikipiki.

Barabara ya pwani aliimeza. Mito aliivuka akiwa amesimama kwenye vikanyagio. Simu ya Samsung haikuwa na mtandao. Alipopita kilima cha mwisho akajaribu redio.

"Ngome, hapa Kakao. Jeneza la mbele. Silaha. Ngome."

Mkwaruzo.

"Ngome, jibu."

Kamuai alikuwa jukwaani, redio amezima. Itifaki ilisema vyombo vyote vizimwe kwa heshima ya marehemu.

Uwanja ulikuwa umefurika. Kikundi cha filimbi za mianzi kilikuwa kinamalizia wimbo, mabomba makubwa yakipigwa kwa ndala hadi vifua vya watu vikatetemeka. Majeneza manne yalipangwa kwenye nyasi mbele ya jukwaa, kila moja na wabebaji wake walionyooka kando. Yule wa Ray-Ban alikuwa kwenye jeneza la mbele. Kwenye mstari wa kwanza wa wageni alikaa bibi mmoja wa Kijapani, Hisako Murai, mdogo kama ndege, picha ya baba yake mapajani. Baba alifia msituni humu kabla yeye hajazaliwa.

Meja Brandt alikuwa kwenye kipaza sauti. Mrefu, mvi zimechanwa, medali kifuani, sauti ya asali.

"Aliyekufa hana adui," alikuwa anasema. "Sisi ni watunzaji tu wa heshima yake."

Agatha alisimama nyuma ya umati, mkono juu ya Glock.

Kumpiga risasi? Vijana sita wangefungua jeneza wakati watu wanakimbia hovyo, na kazi ya Brandt ingekuwa imefanyika. Kuwaambia polisi getini? Wangemuuliza kibali. Alitazama huku na huku, akaona turubai la jikoni, ambako akina mama wa kanisa walikuwa wanafungua magimbi na samaki kwenye majani ya migomba. Katikati yao, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa Perpetua Naoru, mwenyekiti wao. Mwanawe Benedikto alitolewa kambini akiwa na miaka kumi na saba.

Agatha alichutama mbele yake.

"Mama."

"Mwanangu, una nini? Umelowa."

"Sina muda wa kulizungusha, Mama. Nisamehe." Akaiweka rozari kwenye kiganja cha yule mama. "Imetoka ndani ya jeneza la aina ile. Siyo Wajapani. Ni wale wa shimoni."

Perpetua aliitazama rozari. Aliigeuza, akapitisha shanga moja moja kwenye kidole gumba.

"Hizi padri alizigawa kambini," alisema polepole. "Wangu alikuwa nayo. Wote walikuwa nazo."

"Chini ya mifupa wameficha bunduki. Wale wabebaji wa mbele wakifungua mfuniko, vita vimerudi. Siwezi kuwazuia peke yangu. Wana silaha, Mama. Sitaki kukudanganya, ni hatari."

Perpetua alisimama. Alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo.

"Hatari niliimaliza zamani," alisema. Akawageukia wenzake. "Acheni chakula. Watoto wetu wako pale."

Kwenye kipaza sauti, Brandt alisema, "Na sasa tuinamishe vichwa. Dakika moja ya ukimya."

Uwanja mzima uliinama.

Mikono ya wabebaji ilishuka kwenye kufuli za mfuniko.

Kilio kilianzia jikoni. Kilikuwa cha mtu mmoja, kirefu, chembamba, kikapokewa na cha pili, cha kumi. Akina mama waliingia uwanjani wakitembea, hawakukimbia, nywele wamezifungua. Wabebaji walibaki wamepigwa na butwaa. Kabla hawajaamua, Perpetua alikuwa ameshajitupa kifudifudi juu ya jeneza la mbele, na wengine juu yake na juu ya yale mengine, hadi weupe wa mbao haukuonekana.

Pale Bougainville ardhi ni ya wanawake, na maiti ni wa kwao pia. Mwanamke akilala juu ya maiti akilia, hakuna mwanamume anayemgusa. Hata vitani hawakuguswa.

Yule wa Ray-Ban hakujua, au hakujali. Alimshika Perpetua mkono, akamvuta.

Watu elfu kadhaa waliinua vichwa na kumwona.

Machifu wa upande mmoja walisimama. Na wa upande wa pili wakasimama, wakiangalia mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu vita. Kisha uwanja ukasogea kama ukingo wa mto unaoporomoka. Shati moja jeupe likachanika, fulana nyeusi ikaonekana, na wabebaji wakamezwa na umati bila hata risasi moja.

Brandt hakungoja. Mkono wake uliingia ndani ya koti.

Agatha alikuwa ameshapanda jukwaa kwa nyuma. Alikamata stendi ya kipaza sauti, akaizungusha, na chuma kikatua kwenye kifundo cha mkono wa meja. Mfupa ulilia. Kipaza sauti kiliupeleka mlio huo uwanja mzima. Bastola ikaanguka, akaisukuma kwa kiatu chini ya viti vya mabalozi, akaweka mdomo wa Glock chini ya kidevu kilichonyolewa vizuri.

"Piga magoti."

Brandt alipiga magoti, akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeonewa.

"Mnafanya fujo yote hii kwa ajili ya nini?" alisema, meno yameumana. "Ni mifupa tu. Hakuna aliyekuwa anaitumia."

Alikuwa amesahau kipaza sauti, nacho kililala karibu na goti lake. Maneno yalitoka kwenye spika zote, yakazunguka uwanja, yakafika hadi kwa watoto waliokaa juu ya ukuta.

Chifu mmoja mzee aliondoa macho kwake, akatema mate chini, akayafukia kwa mguu.

Kamuai mwenyewe ndiye aliyefungua jeneza, baada ya Perpetua kumruhusu. Alitoa mfupa mmoja mmoja na kuulaza kwenye kitenge alichotandikiwa. Kisha akang'oa ubao, akazitazama bunduki, akakohoa kwa muda mrefu.

"Wafungeni pingu wote," aliwaambia polisi, Agatha akiwa ameshamnong'oneza yote. "Na mwende kwenye lile banda la kukaushia nazi mkamchukue Linus Pokara. Nendeni wengi, asije akachukuliwa na wengine kabla yenu."

Mkalimani alikuwa ameinama sikioni kwa Hisako Murai. Bibi alisikiliza hadi mwisho, uso haubadiliki. Aliitia picha ya baba yake kwenye mkoba. Alivua viatu, akavipanga sambamba kwenye nyasi, akaja hadi kwenye kitenge, akapiga magoti, na kuanza kuufuta mfupa wa mkono kwa leso yake. Leso ikawa ya kahawia.

"Huyu naye ni nani?" Perpetua aliuliza.

"Baba yake alifia humu msituni, Mama. Walimwahidi atakuta mifupa yake," Agatha alijibu. "Amedanganywa kama sisi."

Perpetua alimwangalia yule bibi anavyofuta.

"Mpisheni akae vizuri," alisema. Halafu, bila kugeuka, "Mwanangu, wangu yumo?"

Agatha alitamani kusema ndiyo.

"Sijui, Mama."

"Haya. Nitawaosha wote."

Kamuai alimkuta Agatha bombani nyuma ya jukwaa. Alikuwa anasugua mikono kwa sabuni ya kufulia, hadi juu ya viwiko, kwa mara ya tatu.

"Mabalozi wanataka kukupa mkono."

"Mikono yangu michafu."

"Na wizara inauliza kama shughuli inaweza kuendelea. Kuna hotuba mbili zimebaki."

Agatha alifunga bomba.

"Mzee, nani anayeuliza hivyo?"

Kamuai alikohoa. "Nitawaambia hapana."

"Waambie."

Alipita kwenye viti vya wageni vilivyopinduka. Chini palitapakaa fulana za bure za Mfuko wa Mashujaa, bado ndani ya nailoni, kila moja imeandikwa HATUTASAHAU kwa herufi za dhahabu. Aliokota moja, akaipasua nailoni kwa meno, akafutia matope kwenye kiti cha Yamaha. Akaitupa kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya magimbi.

Akapiga stata, akaingia barabarani, na hakutazama nyuma.